Diski ya Mwalimu Adrian

Notburga Kapinga alikuwa katibu muhtasi wa mradi wa maji pale Mbinga, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Alianza na mashine ya chapa ya mkono, ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa ikikwama kila asubuhi ya baridi. Mwaka 1998 wafadhili walileta pampu, pikipiki mbili na kompyuta moja katika lori moja, na ile kompyuta ikawekwa mezani kwake. Wenzake ofisini walimwita Mama Hyasinti, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kompyuta ile aliipenda. Aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe cha chai karibu nayo. Kitu kimoja tu hakuwahi kukifanya, nacho ni kuifungua. Fundi aliyeileta alimwambia kwamba ndani ya lile boksi la chuma, ambalo watu wote waliliita sipiyu, si mahali pa mkono wa mtu asiyesomea. Notburga aliyashika maneno hayo kwa miaka mitano bila kuyahoji.

Mwezi wa tatu mwaka 2003 ikaletwa ramani kutoka Dar es Salaam. Ilikuja katika sidii sita, na ndani yake zilikuwamo chemchemi zote za wilaya, mito yote na njia ambazo mabomba yangepita, kata kwa kata. Mhandisi Isidori Ndunguru, mkuu wa ofisi, alizipokea zile sidii kwa mikono miwili. Watu wa Mkumbi walikuwa wamesubiri mwaka wa pili sasa kujua bomba litapita shamba la nani, na mkutano wao ulikwisha kupangwa wiki moja baada ya Pasaka. Alitaka ramani ichapwe vipande vipande, iunganishwe kwa gundi, ibandikwe ukutani, kila mtu ajionee mwenyewe.

Notburga akaweka sidii ya kwanza. Kompyuta ikamjibu kwamba haina nafasi. Akafuta barua za zamani, akafuta michezo ya karata ambayo dereva alipenda kuicheza mchana, akajaribu tena. Safari hii ramani ilifunguka nusu, kisha skrini nzima ikajaa mistari ya kijani na zambarau, na mashine ikaganda. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu Isidori alikuwa amesimama nyuma yake. Akarudi chumbani kwake taratibu.

Mchana ule Notburga alimpigia simu Florian, fundi wa kompyuta wa Songea. Florian alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyejifunzia kazi katika maduka yaliyoanza miaka ile kuuza kompyuta zilizotumika kutoka ng'ambo. Alimuuliza maswali mengi, akamtaka amsomee namba hizi na zile, mwisho akamweleza kwamba matatizo ni mawili. La kwanza, hadi diski, yaani ile diski ya ndani inayotunza kazi zote, ilikuwa imejaa na ni ndogo. La pili, mashine haikuwa na kadi ya picha. Ilichora kwa kuazima nguvu kidogo kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, na nguvu hiyo ilitosha barua, haikutosha ramani ya wilaya nzima. Kadi anayo moja dukani na angeituma kwa basi. Diski angeitafuta. Yeye mwenyewe asingeweza kuja, kwa kuwa alikuwa na kazi ya mashine thelathini katika shule moja pale Songea mpaka mwisho wa mwezi wa nne.

"Utafunga mwenyewe, mama," alisema. "Mimi nitakuelekeza kwa simu."

Notburga akamwambia kwamba yeye si fundi.

"Unafuma?"

"Nafuma."

"Basi mikono unayo."

Kadi ilifika Alhamisi, imezungushiwa magazeti. Simu ya ofisi ilikuwa chumbani kwa Isidori na waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo sipiyu ilihamishiwa mezani kwa mhandisi, na mhandisi akahamia kwenye benchi la wageni. Dereva, Bernadi, alileta bisibisi kutoka kwenye gari. Florian alimwagiza Notburga ashike kwanza chuma cha boksi kwa mkono mtupu, ili umeme uliomo mwilini umtoke, ndipo afungue. Alifungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kisahani. Kifuniko kilipotoka alikuta vumbi la miaka mitano na mjusi mmoja aliyekauka. Hofu aliyoibeba tangu asubuhi ilimwisha pale. Akachukua brashi ya rangi, akasafisha kama anavyosafisha kabati la vyombo nyumbani kwake.

Kadi haikuingia. Tundu lake lilikuwapo, la kahawia, tupu tangu mashine itengenezwe, lakini pengo kwenye meno ya kadi halikulingana na kiukuta kilichomo tunduni. Notburga hakulazimisha. Alimweleza Florian alichokiona, na Florian akaomba radhi. Kadi ile ilikuwa ya mashine mpya zaidi. Ya kufaa ingebidi iagizwe Dar, wiki tatu au nne, na Pasaka ilikuwa mlangoni.

Kabla ya kukata simu ndipo Florian alipokumbuka. Kulikuwa na kompyuta Mbamba Bay, kule chini ziwani, katika ofisi ya parokia moja ya Anglikana, zawadi ya wageni wa kanisa waliotaka kwaya irekodiwe video. Umri wake ulikuwa sawasawa na hii ya Mbinga, na kadi yake ilikuwa nzuri. Mwezi wa kumi na moja jenereta ya parokia ilipandisha umeme ghafla na mashine ikazimika. Florian aliteremka kuiangalia, akakuta bodi imeungua.

"Kadi niliitazama, ni nzima," alisema.

"Na diski?"

"Diski sikuigusa, mama."

Isidori akaandika barua kwa padri wa parokia ile, kuomba kadi na kueleza sababu. Jumanne iliyofuata Bernadi alikuwa na safari ya kupeleka mabomba Mbamba Bay, Notburga akapanda naye, barua mkobani na bisibisi pia. Alivua sweta walipofika katikati ya mteremko, na walipoingia mjini alikuwa anajipepea kwa ile bahasha.

Padri aliisoma barua, akasema haoni kikwazo, mashine imekaa tu. Lakini mtunzaji wake ni mwalimu Adrian, na ingefaa waende wakaongee naye kwanza, maana ufunguo wa chumba unakaa kwake.

Mwalimu Adrian Ndimbo alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mzaliwa wa Mbaha, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Notburga alimwamkia, "Shikamoo mwalimu," naye akaitikia kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikia darasa zima. Akaongoza njia hadi ofisi ya parokia. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kwa kitenge kilichopigwa pasi. Mwalimu alikitoa, akakikunja mara nne, akasimama pembeni.

Notburga alifungua boksi bila haraka. Kadi aliiona mara moja, akaitoa, pengo lake lilikuwa panapotakiwa. Chini yake ikaonekana diski, imekaa kwenye fremu yake, safi. Lebo ilisema gigabaiti ishirini. Ile ya ofisini kwake ilikuwa na nne. Akamuuliza mwalimu ndani yake kulikuwa na nini.

Mwalimu alikaa kwanza kwenye kiti ndipo akajibu. Alisema tangu astaafu alikuwa akikusanya maneno ya Kinyasa, lugha ya pwani ile ya ziwa. Majina ya samaki, ya pepo zinazovuma ziwani, ya nyavu na sehemu za mtumbwi, ya miti ya dawa, ya majiwe ambayo wavuvi huyatumia kujua walipo. Alitembea kutoka Mbaha hadi Liuli na kurudi, akiuliza wazee nyumba kwa nyumba, na kila neno aliliandikia maana kwa Kiswahili. Kompyuta ilipoletwa padri alimruhusu kuitumia mchana, akayapiga yote kwa vidole viwili, miaka mitatu. Maneno elfu mbili mia moja na arobaini. Kila alipomaliza kupiga karatasi moja, aliipeleka nyumbani na mkewe akawashia moto, kwa ruhusa yake mwenyewe, kwa kuwa neno lilikwisha kuingia mashinani.

"Fundi alisema mashine imekufa," alisema. "Sikuuliza zaidi. Ukiambiwa ndugu yako amekufa, huulizi kama mfukoni mwake mna kitu."

Tangu hapo alikuwa ameanza upya kwa mkono. Alikuwa na madaftari matatu yaliyojaa.

Notburga aliitazama ile diski kwa muda. Sauti ya mzee aliijua. Aliwahi kupoteza taarifa ya mwaka mzima siku umeme ulipokatika, na alikumbuka jinsi alivyoshindwa kula chakula cha jioni. Akamwambia mwalimu kwamba hawezi kumwahidi kitu, yeye si fundi, amefungua sipiyu mara mbili tu maishani na hii ndiyo mara ya pili. Lakini fundi alisema kilichoungua ni bodi, na diski ni kitu kingine.

Mke wa mwalimu, Edina, alikuwa amefika mlangoni, mikono yake ina magamba ya samaki. Alikuwa amesikia.

"Adrian, panda nayo Mbinga," alisema. "Ukasikie mwenyewe kama ndiyo au hapana. Tangu mwezi wa kumi na moja hukai kitini ukatulia."

Walikula kwanza. Edina aliwapa ugali na samaki wa magege wa kuchemsha, akafunga usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, kwenye jani kwa ajili ya watoto wa Notburga, ingawa Notburga alimweleza kwamba watoto wake wamekwisha kuwa watu wazima. Padri alitoa ruhusa ya diski pia, kwa maneno matatu. Mwalimu akaingia garini na kapu lenye madaftari na boksi la karatasi lililokuja na kompyuta. Diski aliizungushia kile kitenge, akaipakata mapajani njia nzima. Kila gari lilipoingia kwenye shimo aliiinua juu kidogo, na Bernadi, alipoona hivyo, akaanza kuyakwepa mashimo ambayo siku nyingine asingeyajali.

Usiku ule mwalimu alifikia nyumbani kwa Notburga. Joakim, mumewe, mkulima wa kahawa, alimtafutia blanketi la pili na kukaa naye jikoni penye moto. Wakalinganisha maneno. Mwalimu alitaja kitu kwa Kinyasa, Joakim akakitaja kwa Kimatengo, na mara nyingine yalifanana wakacheka, mara nyingine hayakukaribiana hata kidogo wakacheka vilevile. Notburga aliwaacha hapo akaenda kulala.

Asubuhi umeme ulirudi saa tatu. Isidori alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la wageni, na Bernadi amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia gari. Florian alikuwa kwenye simu kutoka Songea. Notburga alishika chuma, akaingiza kadi, na safari hii iliketi tunduni kwa mlio mdogo. Kisha akaifunga diski ya mwalimu chini ya diski ya zamani, kwenye waya uleule mpana, akawasha.

Skrini ilibaki nyeusi. Yakatokea maandishi meupe, mistari miwili, yakisema hakuna diski yoyote iliyoonekana. Hata ile ya zamani haikuonekana. Notburga akazima, akawasha. Mistari ileile. Mwalimu Adrian aliinuka kitini, akasema anakwenda kuangalia hali ya hewa, akatoka barazani.

Florian hakushtuka. Alimuuliza kama nyuma ya diski, karibu na pini za waya, kuna kitu kidogo cha plastiki kama kofia. Kilikuwapo.

"Kikofia hicho ndicho kinachosema diski ni mkubwa au mdogo," alisema. "Diski zako zote mbili zimejitangaza wakubwa. Waya mmoja haukubali wakubwa wawili."

Notburga alirudia maneno hayo kwa sauti ili Isidori asikie, na Isidori akasema kwamba ofisi anazozijua zenye tatizo hilo ni nyingi, ila hazina kikofia cha kuhamisha. Juu ya lebo ya diski ya mwalimu palikuwa na mchoro wa nafasi za kikofia. Vidole vya Notburga havikuweza kukifikia, akatoa kibanio kwenye nywele zake, akakivuta taratibu, akakiweka kwenye pini za pembeni kama mchoro ulivyoonyesha. Akawasha.

Mashine ilianza kama ilivyozoea, ila herufi zilikuwa kubwa kupita kiasi na rangi zilikuwa chache. Akamweleza Florian.

"Vizuri sana, mama. Sasa inataka draiva."

"Dereva yupo hapa mlangoni," Notburga alisema. "Anisaidie nini?"

Florian alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi alieleza kwamba draiva anayoisema ni programu, ya kuitambulisha kadi kwa mashine, na huwa inakuja kwenye sidii yake. Bernadi alisema kama hahitajiki anarudi kwenye gari, lakini hakwenda popote. Notburga alilifungua lile boksi la karatasi la mwalimu. Sidii ilikuwamo, kwenye mfuko wake wa nailoni, haijakwaruzwa. Dakika kumi baadaye herufi zilirudi katika ukubwa wake, na picha ya ziwa ambayo mtu aliiweka kama mandhari ya skrini ikawa na bluu ambayo Notburga hakuwahi kuiona pale.

Akafungua mahali diski zinapoorodheshwa. Chini ya ile ya zamani palikuwa na nyingine. Aliigonga mara mbili kwa kipanya. Yakatokea majalada manne: Kwaya, Picha, Barua za Parokia, Maneno.

Hilo la mwisho hakulifungua. Aliweka simu mezani, akaenda barazani, akamwambia mwalimu Adrian aje alifungue mwenyewe.

Mwalimu alikaa mbele ya skrini, akaweka mkono juu ya kipanya, na faili likafunguka. Kurasa mia moja themanini na saba. Alisoma ukurasa wa kwanza wote. Akateremka kwenye wa pili, akasoma nao wote, midomo ikicheza. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaendelea kuteremka mpaka katikati, akasimama mahali, akagusa skrini kwa kidole.

"Hapa nimekosea," alisema. "Mwera. Nimeandika unavuma kutoka kaskazini. Mwera unatoka kusini. Sijui niliandika hivi nikiwaza nini."

Notburga aliinama, akafuta neno moja na kuandika jingine.

Kutoka kwenye simu sauti ya Florian ilikuwa inaita haloo, haloo. Mwalimu akaichukua. Notburga alimsikia akisema kwamba yamo, yote yamo. Akasikiliza kwa muda mrefu, maana Florian alikuwa anaomba radhi kwa kutokuuliza siku ile, kwa kuitazama bodi tu na kuondoka.

"Mimi ndiye ambaye sikukuuliza, mwanangu," mwalimu alimjibu. "Wewe ulinijibu nilichouliza."

Siku hiyo hiyo, kwa idhini yake, sidii zote sita zilimwagwa kwenye diski ya mwalimu. Maneno yake yote elfu mbili yalichukua nafasi ndogo mno, na hata baada ya ramani ya wilaya nzima kuingia palibaki nafasi kubwa kuliko diski ya zamani yote. Ramani ilifunguka bila mistari wala kuganda. Isidori alivuta benchi mpaka mezani. Alifuata mto mmoja kwa kalamu, kutoka milima ya juu ya Mkumbi ukishuka, ukikutana na mwingine, mpaka ukafika kwenye ile bluu upande wa magharibi. Miaka ile pwani yote ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbinga, kwa hiyo ramani ilifika hadi majini.

Mwalimu Adrian alikuwa anatazama kwa nyuma. Akauliza ni nani aliyeandika majina ya kule chini. Isidori akasema ni watu wa Dar. Mwalimu akasema basi hawakuuliza mtu, kwa kuwa kijito kimoja kimepewa jina la kijito cha jirani na kingine kimekosewa herufi mbili. Isidori akampisha kwenye kiti. Walikaa hapo hadi umeme ulipokatwa saa nane, na Notburga akaandika masahihisho kumi na moja kwenye karatasi, yakatumwa Dar kwa barua rasmi.

Mwalimu alikuwa amepanga kukaa siku mbili. Alikaa sita. Sababu ilikuwa yale madaftari. Alipoyalinganisha na kilichomo kwenye mashine aligundua kwamba kwa mkono alikuwa ameandika maneno ambayo mara ya kwanza hayakumjia kabisa. Kila asubuhi alimsomea Notburga, naye Notburga alipiga kwa vidole kumi, haraka kiasi kwamba mwalimu alilazimika kukumbuka upesi kuliko alivyozoea. Walipata maneno sitini na matatu mapya. La mwisho lilikuwa jina la sauti ya usipa wanaporuka wengi kwa pamoja juu ya maji. Mwalimu alisema alilisikia kwa bibi yake na hakulitumia tena tangu utoto, na kama yale ya kwanza yasingepotea asingekuwa na sababu ya kwenda kulitafuta kichwani.

"Kwa hiyo hasara haikuwa hasara?" Notburga alimuuliza.

"Ilikuwa hasara," alisema mwalimu. "Nililala vibaya miezi minne. Lakini sasa nina neno la bibi."

Siku ya kuondoka alikataa kurudi na diski. Alisema huko chini itakaa kabatini bila kazi, na huku inabeba maji ya watu. Alichukua nakala mbili kwenye sidii, moja yake na moja ya padri, na kurasa zote zilizochapwa, mia moja tisini na tatu, ndani ya jalada la bluu lililofungwa kwa uzi. Bernadi alimpeleka hadi stendi ya magari ya Mbamba Bay, ingawa palikuwa karibu pa kutembea kwa miguu.

Mkutano wa Mkumbi ulifanyika siku iliyopangwa. Notburga na Bernadi walikuwa wamekesha, si kwa kazi ngumu bali kwa gundi, wakiunganisha karatasi thelathini na mbili sakafuni. Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa shule, na watu waliijia kwa zamu. Mama mmoja mzee, Hedwiga, hakujua kusoma. Isidori alimwonyesha kilima cha kanisa, kisha barabara, na kutoka hapo akaendelea mwenyewe kwa kidole mpaka kwenye kidoa cha bluu.

"Hii ni chemchemi yangu," alisema, akawaita wanawe waje waione. Bomba lilipita mbali na kahawa yake, na hilo nalo lilimfurahisha. Wawili au watatu ambao bomba liliwapitia walinung'unika, wakasikilizwa, na kabla ya saa tisa walikuwa wamekubaliana njia isogezwe hatua arobaini upande wa juu.

Baada ya hapo sifa za Notburga zilienea pale mjini zaidi ya alivyotaka. Idara ya kilimo walimwita kwa sababu ya printa, shule ya masista wakamwita kwa sababu ya skrini. Alikwenda na bisibisi yake mwenyewe sasa, na kibanio cha nywele. Alipokwama alimpigia Florian, na Florian, naye, siku moja alimpigia yeye kuuliza juu ya kadi ya aina ile, kwa sababu alikuwa na mteja mwenye tundu la kahawia.

Kutoka Mbamba Bay zilianza kuja bahasha. Zilipanda na magari ya abiria, mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mara mbili. Ndani yake palikuwa na nusu karatasi yenye maneno matano au sita kwa mwandiko wa mwalimu, na maana zake. Mwezi wa saba moja ilikuja na neno moja tu. Mwalimu aliandika kwamba amelipata kwa mvuvi wa Mbaha aliyebisha kwamba samaki ngumbo mchanga na ngumbo mkubwa hawaitwi jina moja, na baada ya wiki mbili za kuuliza huku na huko imethibitika kwamba yule mvuvi alisema kweli. Chini yake Edina alikuwa ameongeza mstari wake, kwa herufi kubwa, kwamba mwalimu sasa analala vizuri ila analala akiongea.

Notburga aliusoma ule mstari mara mbili, akacheka peke yake. Alifungua faili, akatafuta mahali pa ngumbo, akaandika neno jipya chini yake na jina la mvuvi kwenye mabano kama mwalimu alivyoagiza. Akahifadhi. Kisha akaendelea na barua ya Isidori kuhusu saruji, ambayo ilitakiwa iondoke na gari la saa sita.